Mzigo Usiogawanyika: Kutoka Tembo wa Karema hadi Kichakataji cha Kompyuta

Vijana wengi wanaonunua kompyuta kwa ajili ya michezo huuliza kwanza kuhusu kadi ya michoro. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Ipo aina ya michezo ambayo huiacha kadi ya michoro ikiwa na nafasi tele, huku kichakataji kikuu kikihema kama mpagazi apandaye mlima. Nazungumzia michezo ya mapambano inayomtaka mchezaji avae uhusika: akuze uwezo wake hatua kwa hatua, akusanye silaha, azungumze na wakazi wa dunia ya kubuni, na apigane papo kwa papo.

Katika makala haya nakusudia kueleza kihistoria kwa nini michezo hiyo hukilemea kichakataji, na kwa nini jambo hilo linapaswa kumhusu hata mtumishi wa umma wa Mpanda ambaye hajawahi kucheza gemu maishani mwake. Hoja yangu ni hii: kinacholemea kichakataji ni wingi wa maamuzi yanayotegemeana, na mzigo wa namna hiyo haugawanyiki kwa wachukuzi wengi hata mwenye nao awe tajiri kiasi gani. Jamii isiyouelewa mzigo huo huishia kumtwisha mtu asiyehusika.

Wapagazi, tembo na reli

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, lakini historia yake ya mizigo ni kongwe kuliko mipaka yake. Katika karne ya 19, njia za misafara zilizotoka pwani kupitia Tabora ziliendelea magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Mpagazi mmoja alibeba takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32. Mzigo mkubwa uligawanywa katika vipande vya uzito huo. Msafara wa watu 500 ukaweza kubeba tani 16.

Mwaka 1879 Chama cha Kimataifa cha Afrika, chombo cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kilianzisha kituo Karema, ukingoni mwa ziwa, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Mwaka huo huo, kwa nia ya kupunguza utegemezi kwa wapagazi, waliletwa tembo wanne waliofunzwa kutoka India. Walishushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakaanza safari ya bara chini ya uongozi wa Frederick Carter. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nyepesi: tembo mmoja hubeba mzigo wa wapagazi wengi. Njiani mambo yakawa mengine. Kati ya wanne, ni mmoja tu aliyefika Karema, mwezi Desemba 1879. Carter mwenyewe na mwenzake Cadenhead waliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe, walipokumbwa na vita vya Mirambo.

Miaka 70 baadaye mzigo mwingine ukaleta mchukuzi mwingine. Madini ya risasi ya Uruwira yalisababisha kujengwa kwa reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, umbali wa takriban kilometa 210, iliyokamilika mwaka 1950. Mawe ya madini ni mzigo mwepesi kupanga: jiwe halimtegemei jiwe mwenzake. Ukiongeza mabehewa, unaongeza tani. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki kubeba watu na mazao hadi leo.

Nimeanza na historia hii kwa sababu kompyuta ya leo ina wachukuzi wa aina mbili zinazofanana na hao. Kichakataji kikuu kina viini vichache, aghalabu kati ya vinne na kumi na sita, na kila kiini kina nguvu na akili ya kufanya kazi za namna nyingi. Hao ndio tembo wetu. Kadi ya michoro ina vitengo vidogo vinavyofikia maelfu, kila kimoja kikiwa dhaifu kikisimama peke yake, lakini vyote vikifanya kazi moja kwa pamoja. Huo ndio msafara wa wapagazi. Picha ya skrini ya kawaida ina nukta 2,073,600. Rangi ya nukta moja, kwa sehemu kubwa, inaweza kukokotolewa bila kusubiri jibu la nukta jirani. Kwa hiyo picha hugawanywa kwa msafara kama yalivyogawanywa mawe ya Uruwira kwenye mabehewa.

Maamuzi hayagawanywi hivyo. Fikiria pigo moja la upanga katika mchezo. Lazima kwanza ijulikane kama upanga umegusa mwili. Kisha hukokotolewa ukubwa wa jeraha kwa kuzingatia silaha, ngao, uwezo wa mpigaji na udhaifu wa mpigwaji. Ndipo ijulikane kama mpigwaji amekufa. Akifa, wenzake huamua kukimbia au kulipiza kisasi. Mali yake huanguka chini. Mwanakijiji aliyeshuhudia hupiga yowe. Na kazi aliyopewa mchezaji na mzee wa kijiji huhesabiwa kuwa imetimia. Hatua ya tano haiwezi kuanza kabla ya jibu la hatua ya tatu. Hata ukileta wapagazi elfu, 999 watakaa chini wakisubiri.

Jambo hili lilielezwa mapema, mwaka 1967, na mhandisi wa Marekani Gene Amdahl, mmoja wa wasanifu wakuu wa kompyuta za IBM System/360. Kasi utakayoipata kwa kuongeza wafanyakazi hukomea kwenye ile sehemu ya kazi isiyogawanyika. Ikiwa asilimia 40 ya kazi lazima ifanywe hatua kwa hatua, basi hata ukiwa na wafanyakazi wasio na idadi, hutafika zaidi ya mara mbili na nusu ya kasi ya mfanyakazi mmoja. Kanuni hii ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata.

Mwaka 1974

Mwanahistoria hapaswi kushangilia kila sadfa, lakini mwaka 1974 unastahili kutazamwa. Mambo matatu yalitokea mwaka huo, katika sehemu tatu zisizojuana.

La kwanza lilitokea Dar es Salaam. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, isipokuwa kwa idhini maalumu. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baadaye Serikali ikajaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine. Jaribio hilo lilikwenda vibaya na kuleta hasara, katika kipindi ambacho nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Marufuku ilikuja kulegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980 na kuondoka kabisa katika miaka ya 1990. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994.

La pili lilitokea Marekani. Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huvaa uhusika wa mashujaa, na mwamuzi mmoja huendesha dunia yote iliyobaki: wanyama wakali, walinzi, wachuuzi, hali ya hewa, matokeo ya kete. Huyo mwamuzi ndiye aliyekuwa kichakataji. Kila swali lilipita kwake, moja baada ya jingine, na wachezaji walimsubiri. Michezo yote ya kompyuta ninayoizungumzia hapa inatokana na meza ile.

La tatu lilitokea katika maabara za IBM. Robert Dennard na wenzake walichapisha andiko lililoonesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa kwa uwiano maalumu, zinaweza kwenda kasi zaidi bila kuongeza joto katika eneo lile lile la kipande cha silikoni. Kwa takriban miaka 30, tasnia nzima ya kompyuta iliishi juu ya ahadi hiyo.

Kwa maoni yangu, marufuku ya Dar es Salaam inahukumiwa vibaya na pande zote mbili. Wanaoitetea husema nchi maskini haikuhitaji anasa. Wanaoikejeli husema viongozi waliogopa maendeleo. Swali lenye manufaa zaidi ni la kihandisi: mzigo ulikwama wapi? Hesabu za Serikali hufanana sana na pigo la upanga nililolieleza. Hati ya malipo hutegemea kifungu cha bajeti, kifungu hutegemea idhini, idhini hutegemea taarifa ya mwezi uliopita, na taarifa hiyo hutegemea karani wa wilaya aliye mbali. Mashine yenye kasi haiharakishi mnyororo ambao pete yake moja iko nje ya mashine. Lawama ilipoiangukia kompyuta, mnyororo ulibaki ulivyokuwa.

Zamu ilipofutwa

Michezo ya kwanza ya kompyuta ya aina hii haikukilemea kichakataji, kwa sababu ilifuata utaratibu wa bao. Katika bao mwenzako hawezi kusogeza kete wakati wewe unafikiri. Wanafunzi waliotumia mtandao wa kompyuta wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois walitunga michezo ya mapango kuanzia mwaka 1975. Mwaka 1980 ukaja Rogue, ambamo joka halisogei mpaka mchezaji asogee. Kompyuta dhaifu ikichukua sekunde mbili kufikiri, mchezaji alikohoa, akanywa chai, akasubiri. Hakuna kilichoharibika.

Mwishoni mwa mwaka 1996 ulitoka mchezo wa Diablo. Awali ulibuniwa uwe wa zamu. Katikati ya utengenezaji wake zamu zikafutwa, na mchezo ukawa wa papo kwa papo. Uamuzi huo ulifanikiwa kibiashara kiasi cha kutengeneza njia ambayo michezo mingi imeipita tangu hapo. Lakini zamu zilipofutwa, muda wa kufikiri wa kompyuta ukageuka kuwa deni lenye tarehe ya mwisho.

Ili mwendo uonekane laini, skrini huonesha picha, yaani fremu, 60 kwa sekunde. Maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 tu. Ndani ya muda huo kichakataji lazima kisome vidole vya mchezaji, kiamue kila mkazi na kila adui afanye nini, kiwatafutie njia ya kupita, kipime miili inayogongana, kikokotoe majeraha, kisogeze viungo vya kila mhusika, kilete kutoka kwenye diski sehemu ya dunia inayokaribia kuonekana, na mwisho kiandike amri za uchoraji na kuikabidhi kadi ya michoro. Kikichelewa, kadi ya michoro hukaa bure ikisubiri, na mchezaji huona picha ikikwama. Hapo ndipo kijana hulaumu kadi yake ya michoro isiyo na hatia.

Tazama sasa jinsi mzigo unavyokua. Ukitaka kujua ni miili ipi inayogongana kwa kulinganisha kila mmoja na kila mwenzake, miili 10 inahitaji ulinganifu 45. Miili 100 inahitaji 4,950. Miili 200 inahitaji 19,900. Idadi ya miili imeongezeka mara mbili, kazi imeongezeka mara nne. Watunzi wa programu wana mbinu za kukwepa sehemu kubwa ya hesabu hiyo, kama vile kugawa uwanja katika vyumba na kulinganisha walio jirani tu. Lakini mbinu hizo hushindwa pale pale tunapozihitaji: watu wote wanapojazana sokoni au maadui wote wanapomzunguka mchezaji, kila mmoja ni jirani wa kila mmoja.

Kutafuta njia nako kuna gharama zake. Mbinu mashuhuri zaidi, iitwayo A*, ilichapishwa mwaka 1968 na Hart, Nilsson na Raphael wa Stanford, miaka mingi kabla ya michezo hii. Ni mbinu nzuri, lakini hubahatisha njia, hurudi nyuma na kujaribu nyingine, na kila jaribio hutegemea lililotangulia. Mkazi mmoja atokaye nyumbani kwenda kisimani hasumbui. Wakazi mia ambao njia yao imezibwa na mkokoteni uliopinduliwa na mchezaji, wote wakitafuta njia mpya kwa wakati mmoja, ni habari nyingine.

Ukuta wa mwaka 2004

Msomaji atauliza: kwa nini watengenezaji wa vichakataji hawakuongeza kasi tu, kama walivyozoea? Jibu ni kwamba ahadi ya mwaka 1974 ilifika mwisho.

Kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na kichakataji chenye mapigo ya megahezi 4.77. Mwishoni mwa mwaka 2004 Pentium 4 ya Intel ilifikia gigahezi 3.8. Hilo ni ongezeko la takriban mara 800 katika miaka 23. Kisha transista zikawa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja na joto halikupungua tena kwa uwiano ule wa Dennard. Intel iliachana na mpango wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4, na kuanzia mwaka 2005 tasnia ikageukia vichakataji vyenye viini viwili, kisha vinne, kisha vingi zaidi. Hadi leo, hata vichakataji vya bei ghali kabisa vya kompyuta binafsi havijafikisha mara mbili ya mapigo yale ya mwaka 2004. Ni kweli kwamba kila pigo la leo hufanya kazi nyingi zaidi kuliko pigo la zamani, lakini mteremko ule wa bure umekwisha.

Kwa lugha ya Karema, haikuwezekana tena kupata tembo mwenye nguvu maradufu kila baada ya miaka miwili. Tukapewa tembo wengi zaidi wenye nguvu karibu ile ile. Kwa mzigo unaogawanyika hilo ni neema. Kwa mzigo wa maamuzi yanayotegemeana, tembo mmoja hubeba na wengine humsindikiza.

Mji uliojaa watu

Wakati kasi ikigota, matamanio ya watunzi yalizidi kupanda. Ultima V ya mwaka 1988 ilikuwa na wakazi wenye ratiba ya siku: kuamka, kufanya kazi, kula, kulala. Oblivion ya mwaka 2006 iliwapa wakazi malengo na kuwaacha watafute wenyewe namna ya kuyatimiza. Mchezo wa aina hii uliacha kuwa pango lenye majoka na ukawa jamii.

Kesi mbili za karibuni zinatosha kuonesha matokeo. Cyberpunk 2077, uliotoka Desemba 2020 kutoka kwa CD Projekt wa Poland, ulijaribu kuendesha jiji zima hata kwenye PlayStation 4, mashine ya mwaka 2013 yenye viini vinane vya gigahezi 1.6 tu. Kasoro zake zilikuwa nyingi na si zote zilihusu kichakataji, lakini matokeo yalikuwa mabaya kiasi kwamba Sony iliuondoa dukani siku chache baada ya kutoka na kuahidi kurudisha fedha za wanunuzi.

Kesi ya pili inaingia moja kwa moja katika hoja yangu. Dragon's Dogma 2 wa kampuni ya Capcom ya Osaka ulitoka Machi 2024. Porini ulikwenda vizuri. Mchezaji alipoingia mji mkuu, fremu zikaporomoka, hata kwenye kompyuta zenye kadi za michoro za bei ghali. Capcom ilieleza kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kichakataji ilitumiwa na wahusika wa mchezo, kila mmoja akikokotolewa uwepo wake na athari zake katika mazingira. Baadhi ya wachezaji wakagundua dawa ya kutisha: waliwaua wakazi wa mji, na mchezo ukawa mwepesi.

Kisa hicho kinachekesha, lakini kinasema kweli. Mlima mzuri haukilemei kichakataji. Msitu wenye majani milioni haukilemei sana. Kinachokilemea ni mkazi mwenye ratiba, kumbukumbu, haki ya kupita njiani na uwezo wa kukasirika. Mtawala wa dunia ile ya kubuni akichoka kuhudumia, njia ya mkato ni kuwapunguza wa kuhudumiwa. Wanaharakati watatambua mantiki hiyo bila msaada wangu.

Mchukuzi yuko Mpanda

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtunzi aliyeko Osaka au Warszawa hupima mchezo wake kwenye mashine mpya, katika chumba chenye kiyoyozi na umeme usiokatika. Anapoamua kutotumia miezi mingine sita kuipunguzia programu yake uzito, gharama haipotei. Inahamia kwa anayecheza.

Hapa kwetu anayecheza aghalabu ana kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo, ikapita Kariakoo, ikapandishwa basi au treni ya Kaliua. Kwa miaka mingi Mpanda iliishi nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea jenereta za dizeli, na kila wati lilikuwa na bei ambayo mtunzi wa mbali hakuifikiria. Kuna pia joto na vumbi la kiangazi. Kichakataji kikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue. Feni iliyojaa vumbi inaweza kumnyima mtumiaji sehemu kubwa ya nguvu aliyoilipia bila yeye kujua.

Maarifa kidogo huokoa fedha. Kijana anayetaka kujua mzigo uko wapi apunguze ukubwa wa picha hadi chini kabisa. Fremu zikiongezeka, aliyelemewa ni kadi ya michoro. Zikibaki pale pale, aliyelemewa ni kichakataji, na kununua kadi mpya itakuwa sawa na kuongeza mabehewa wakati kichwa cha treni ndicho kilichochoka. Katika hali hiyo apunguze msongamano wa watu mitaani na umbali wa kuona, asafishe feni, na aweke ukomo wa fremu 30 ili kila fremu ipate milisekunde 33 badala ya 16.7.

Wapo watakaosema tunapoteza muda kwa mambo ya watoto. Nakataa. Mchezo wa kompyuta ni miongoni mwa mitihani migumu na ya wazi ambayo kichakataji hupewa, kwa sababu hauna mahali pa kuficha uchelewaji. Kijana wa Mpanda Hotel au Makanyagio anayejua kwa nini fremu zinaporomoka sokoni lakini si porini ameshaielewa kanuni ya Amdahl. Kilichobaki ni mwalimu wa kumpa jina lake na hesabu zake.

Uchelewaji usiohesabiwa

Nafika sasa kwa mtumishi wa umma. Mifumo ya kielektroniki ya Serikali imeenea hadi halmashauri zetu: malipo, manunuzi, ardhi, vizazi na vifo. Hayo ni maendeleo makubwa kwa nchi iliyopiga marufuku kompyuta ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai. Mifumo hiyo pia, kwa asili yake, ni mizigo ya maamuzi yanayotegemeana: namba ya malipo husubiri idhini, idhini husubiri kiambatisho, kiambatisho husubiri sahihi ya ofisa aliye safarini.

Tofauti ni moja, na ndiyo iliyonisukuma kuandika. Katika mchezo, kuchelewa kwa milisekunde 20 hupimwa, hurekodiwa, hutangazwa, na kampuni yenye jina hulazimika kujieleza mbele ya wateja wake. Katika ofisi, mwananchi aliyetoka Karema au Mishamo huambiwa kwamba mtandao unasumbua, arudi kesho. Sentensi hiyo haitofautishi mtandao na seva, seva na kompyuta chakavu ya mezani, wala kompyuta na ofisa ambaye hajasaini. Ni lawama isiyo na anwani, kama ile iliyoiangukia mashine ya Wizara ya Fedha. Na kwa kuwa anwani haipo, dawa huwa ni kununua: kompyuta mpya, skrini pana zaidi, kadi mpya ya michoro kwa kichakataji kilicholemewa.

Mwananchi yule ndiye mpagazi wetu. Anabeba nauli, usiku wa kulala gesti, siku ya shamba iliyopotea. Mzigo huo hauonekani kwenye taarifa yoyote ya fedha kwa sababu hakuna anayeupima.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Kila halmashauri iandike, kwa kila huduma inayopita kwenye mfumo, ni saa ngapi zimepita kati ya mwananchi kufika na kuhudumiwa, na saa hizo zilitumika katika hatua ipi. Takwimu hizo zibandikwe ubaoni kila mwezi, mahali ambapo mwananchi anaweza kuzisoma. Kabla ya manunuzi ya vifaa kuidhinishwa, mwombaji aeleze ni hatua ipi iliyolemewa na kwa nini kifaa hicho kitaipunguzia uzito. Wanafunzi wa kompyuta walioko mafunzoni katika ofisi hizo wapewe kazi ya kupima, badala ya kuchapa barua.

Ikibainika kwamba kinachokwamisha ni kichakataji, tununue kichakataji. Ikibainika ni idhini ya tano ambayo hakuna ajuaye ilianzishwa kwa nini, tuifute. Tembo wa Karema waliletwa na watu waliohesabu uzito wa mizigo bila kuihesabu njia. Sisi tunayo saa ukutani na daftari mezani. Kilichobaki ni kuanza kuandika.